Taa ya motere imewaka: soma kwanza, kosi ya batri iache mahali pake

Hapa Goma, taa ya njano ya motere (injini) ikiwaka kwenye dashibodi, tiba ya kwanza ni ileile kuanzia Majengo hadi Keshero: boneti inafunguliwa, kosi ya batri (kiungio cha waya kwenye ncha ya batri) inang'olewa dakika kumi, inarudishwa, taa inazima. Mwenye gari anatoa kitu kidogo na kushukuru. Kilichofanyika hapo ni kufuta ushahidi. Kompyuta ya gari ilikuwa imeandika msimbo wa kosa, na pamoja nao ilikuwa imehifadhi hali ya motere wakati ule: mizunguko mingapi, joto gani, mwendo gani, mzigo kiasi gani. Vyote vimeondoka. Zimeondoka pia hesabu ambazo kompyuta ilijifunza taratibu kuhusu ralanti (motere ikizunguka bila kukanyaga gesi) na kiasi cha esansi (petroli), ndiyo maana baada ya tiba hiyo gari linaweza kuyumba kwenye ralanti kwa muda. Kosa lenyewe bado lipo, na likirudi utaanza upya bila habari yoyote mkononi.

Maelezo haya ni ya mtu mwenye gari la esansi, simu, na nafasi kidogo ya Jumamosi asubuhi. Wenye mazutu (dizeli) watapata machache ya kuwafaa.

Taa yenyewe inasemaje

Weka kontakti (geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake) bila kuwasha motere. Taa ya motere lazima iwake pamoja na zile nyingine, kisha izime motere ikishika. Isipowaka kabisa usifurahi: ama balbu imekufa, ama aliyekuuzia gari aliing'oa au aliifunika kwa gundi na plastiki. Anayenunua gari la okazi (lililokwisha kutumika) aangalie hilo kabla hata ya kuuliza bei.

Taa iliyotulia, gari likitembea kama kawaida, inakupa muda wa kuchunguza. Taa inayopepesa haikupi muda. Maana yake kuna silinda haichomi, na esansi isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya katalisti (kopo la kusafishia moshi kwenye bomba), ambayo inapata joto la kuyeyusha matumbo yake. Ondoa mguu kwenye gesi, punguza mwendo, simama pazuri. Usijaribu kupanda nayo Kibumba eti utatengeneza ukirudi.

Taa nyekundu ya mafuta ya motere au ya joto ni habari nyingine kabisa. Hiyo zima motere papo hapo.

Kuipata namba

Magari yaliyouzwa Marekani yalilazimishwa kuwa na soketi ya pini 16 na lugha moja ya kusomea makosa kuanzia modeli za mwaka 1996. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya esansi. Soketi iko chini ya dashibodi, upande wa miguu ya dereva. Unachomeka adapta ndogo ya aina ya ELM327, unaiunganisha na simu kwa Bluetooth, unafungua programu kama Torque au Car Scanner, unasoma. Mwenye iPhone atafute adapta ya Wi-Fi au ya Bluetooth ya kizazi kipya, maana zile za zamani haziongei na simu yake.

Shida yetu ni kwamba magari mengi ya mji huu ni Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japani, usukani kulia, na Japani haikufungwa na sheria hizo za Marekani na Ulaya. Corolla au Carina ya mwishoni mwa miaka ya 1990 inaweza kuwa na soketi ileile ya pini 16 na bado adapta isisikie chochote. Adapta si mbovu. Kwenye Toyota za namna hiyo kuna njia ya waya. Tazama soketi, upande mpana ukiwa juu: mstari wa juu unaanza na pini 1 kushoto hadi 8, wa chini 9 hadi 16. Unganisha pini ya 4, ya nne juu, na pini ya 13, ya tano chini, kwa kipande kifupi cha waya. Weka kontakti bila kuwasha. Taa ya motere itaanza kupepesa.

Ikipepesa kwa mwendo mmoja bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni 22, upande wa sensa ya joto la maji. 31 ni upande wa kupima hewa, 41 ni sensa ya kipepeo cha gesi, 52 ni sensa inayosikiliza motere ikigonga. Zikiwa kadhaa, zitatoka moja baada ya nyingine na kurudia. Jihadhari na pini ya 16, ya mwisho chini kulia: ina umeme wa batri muda wote, kontakti iwepo isiwepo. Waya ukiigusa na pini ya 4 unachoma fyuzi ukibahatika, na ukikosa bahati unachoma nyaya.

Andika kila namba kwenye karatasi, pamoja na ile hali iliyohifadhiwa kama programu inaionyesha. Halafu tulia, maana ni hapa ambapo pesa nyingi hupotea. Msimbo unataja malalamiko ya kompyuta. Hautaji pyesi (kipuri) ya kununua. Mtu anasoma kwenye simu P0130 (misimbo ya motere kwenye simu huanza na P), anakimbia Birere kununua sensa ya oksijeni ya okazi, anaifunga, taa inarudi, kwa sababu waya wa sensa ulikatwa na jiwe na yeye hakuinama kuutazama.

Gari linatetemeka na taa inapepesa: P0300 hadi P0304

Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda. P0302 ni silinda ya pili, P0300 ni kwamba zinaruka ovyo bila mpangilio. Tofauti hiyo inakuonyesha pa kuanzia. Silinda moja ikiwa na shida, tafuta kitu cha silinda hiyo peke yake: buji (plagi), bobini (koili inayoipa buji moto), injekta (kinyunyizio cha esansi), na mwisho kompresheni. Zote zikiwa na shida, tafuta kitu zinachogawana: esansi, hewa, presha ya pampu.

Kwa motere zenye bobini moja juu ya kila buji, huhitaji kununua kitu ili kujua. Zima motere, iache ipoe, fungua boliti ya bobini ya silinda ya 2, ibadilishane na ya 3. Futa msimbo kwa programu, endesha. Msimbo ukihama kuwa P0303, bobini ndiyo mwizi. Ukibaki P0302, rudia mchezo uleule kwa buji. Ukibaki tena, ndipo injekta na kompresheni, na hapo ni kazi ya garaji.

Kabla ya hayo yote, chungulia kwenye mashimo ya buji. Motere iliyooshwa kwa pampu ya presha inabakiza maji humo, na bobini inapitisha moto kwenye maji badala ya kuupeleka kwenye buji. Gari lililoanza kutetemeka jioni ya siku lilipooshwa halihitaji uchunguzi mrefu: toa bobini, kausha, pulizia hewa, rudisha. Mafuta ya motere humo ndani ni habari tofauti, ni sili ya kifuniko cha valvu imechoka.

Ralanti inacheza, gari limechoka kwenye mpando: P0171

Huu ndio msimbo wenye visababishi vingi kuliko yote, na ndio unaostahili muda wako. Unasema mchanganyiko una hewa nyingi na esansi kidogo kuliko kompyuta inavyotaka.

Lakini kwanza tuondoe jambo ambalo halihusiani na kosa lolote. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Motere isiyo na turbo hapa inapoteza takriban asilimia 15 ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa au Dar es Salaam, kwa sababu hewa ni nyepesi. Gari lililofika juzi kutoka bandarini litaonekana limechoka hata kama ni zima kabisa. Mwinuko huu unakupa pia kipimo cha bure: weka kontakti bila kuwasha, fungua kwenye simu namba ya presha ya hewa. Kwa mji wetu inapaswa kusoma kama kPa 84 hadi 86. Ukiona 101, hiyo ni presha ya ufukweni, sensa inakudanganya. Ukiona 60, inakudanganya zaidi. Namba utakazosikia kwenye video za watu wa pwani usizichukue bila kupunguza.

Sasa tazama namba za marekebisho ya esansi, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Zikicheza ndani ya asilimia 10 juu au chini, kompyuta haina malalamiko. Zikipanda kuelekea 25 juu, inaongeza esansi kwa nguvu zake zote na bado haitoshi. Iache motere ipate joto, soma kwenye ralanti, kisha ipandishe hadi mizunguko 2,500 na uishike hapo.

Marekebisho yakiwa makubwa kwenye ralanti na yakashuka ukikanyaga, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma: mpira uliopasuka, gasketi, bomba la hewa baada ya filta. Ufa mdogo una uzito mkubwa wakati motere inavuta hewa kidogo, na unamezwa inapovuta nyingi. Chukua kinyunyizio cha maji, kile cha kinyozi kinafaa, nyunyizia mpira mmoja mmoja motere ikiwa ralanti. Sauti ikibadilika, umefika. Wapo wanaonyunyizia esansi badala ya maji; wenye motere ya moto na waya zilizochubuka waache kabisa.

Yakiwa ya kawaida kwenye ralanti na yakapanda ukikanyaga, esansi haifiki ya kutosha. Pampu, filta ya esansi, au esansi yenyewe.

Na esansi yenyewe, kwa anayejaza kwa Kadhafi (muuzaji wa esansi ya rejareja) wa kando ya barabara, inastahili kupimwa kabla ya kufungua tangi. Chukua chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ijaze nusu, iweke juu ya kitu kisichotikisika kwa saa moja, kisha itazame ukiielekeza kwenye mwanga. Maji yatakuwa yamekaa chini, yakiwa na mstari wazi kati yake na esansi, na ukiinamisha chupa yanateleza kama tone moja zito. Kwa mafuta ya taa chukua karatasi nyeupe, dondosha tone moja, liache likauke kivulini. Esansi safi inapotea yote. Iliyochanganywa inaacha duara la mafuta ambalo kidole kinalihisi. Fanya vyote viwili mbali na jiko na mbali na mwenye sigara.

Kama mpira ni mzima na esansi ni safi, fungua filta ya hewa. Vumbi letu jeusi la mawe ya volkano ni kali, na likipita filta iliyochanika linakwenda kukaa juu ya waya mwembamba wa sensa ya kupima hewa. Sensa iliyofunikwa uchafu inahesabu hewa pungufu, kompyuta inatoa esansi pungufu, P0171 inazaliwa. Kwenye Toyota nyingi sensa hii imeshikwa na skrubu mbili tu kwenye bomba la hewa. Ipulizie dawa yake maalum, au ile ya kusafishia viungio vya umeme isiyoacha mafuta, usiguse waya kwa kitambaa wala kwa kidole, iache ikauke kabisa, rudisha. Usiipeleke kwenye kompresa ya kujazia matairi.

Kimebaki kisababishi kimoja ambacho barabara zetu zinakipenda: bomba la moshi lililopasuka mbele ya sensa ya oksijeni. Jiwe limegonga, kiungio kimefunguka, na hewa ya nje inaingia kati ya mapigo ya moshi. Sensa inaona oksijeni na kudhani esansi ni kidogo. Asubuhi motere ikiwa baridi, iwashe na uinamie chini usikilize; mahali panapovuja pana pia alama ya masizi meusi.

Neno kwa wenye RAV4 na Noah za Japani zenye motere ya 1AZ-FSE: hizo zinamwaga esansi moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hakuna esansi inayoosha migongo ya valvu, na masizi yanajaa kwenye njia ya hewa. Ralanti inayocheza kwenye motere hiyo, baada ya kukagua yote hapo juu, mara nyingi inaishia kwenye kufungua na kusafisha. Pampu yake ya presha ya juu nayo haivumilii esansi chafu.

Gari linakunywa, motere haipati joto: P0128

Jibu la huu kwa Goma mara nyingi liko kwenye ndoo ya takataka ya garaji fulani: themostati (valvu inayozuia maji hadi motere ipate joto) iliyotolewa. Gari lilichemka siku moja, fundi akaitoa "ili maji yatembee vizuri", na tangu hapo motere inafanya kazi baridi. Themostati za Toyota huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Tazama joto la maji kwenye simu ukielekea Sake jioni. Likikaa chini ya 75 na kushuka kila unapoteremka, hakuna themostati, au ipo na imekwama wazi. Kompyuta inadhani motere bado inaamka na inaendelea kuipa esansi ya ziada.

Kuirudisha ni rahisi. Tafuta kwanza kwa nini gari lilichemka. Kwa mwinuko wetu maji yasiyo na presha yanachemka karibu na nyuzi 95, si 100. Kifuniko cha radiata chenye springi nzima kinasukuma kiwango hicho hadi nyuzi 115 na zaidi. Kifuniko kilichochoka kinakuachia maji yachemke kwenye foleni ya Birere bila kosa lingine lolote. Badilisha kifuniko kabla ya kuhukumu gasketi ya kichwa, na usikifungue motere ikiwa moto.

Kipimo kingine, asubuhi kabla ya kuwasha: joto la maji na joto la hewa inayoingia yanapaswa kukaribiana. Maji yakisoma 40 chini ya sifuri, Goma haijaganda. Waya wa sensa umekatika au soketi yake imeachia.

"Kaka, iko inawaka, lakini gari inatembea muzuri tu"

Mara nyingi huyu ana P0420, katalisti haifanyi kazi yake. Na mara nyingi hana katalisti. Ina platinamu, paladiamu na rodiamu ndani, ina wanunuzi, na magari mengi yanafika yakiwa na kopo tupu. Piga kopo kwa ngumi ya mkono usikie, gari likiwa baridi: likilia tupu, umepata. Likiwa na kitu kinachocheza ndani, katalisti imevunjika, na vipande vinaweza kuziba moshi hadi gari lishindwe kupanda. Kabla ya kuihukumu, angalia tena nyufa za bomba. Kama hamna, na gari lina nguvu, si dharura.

P0135 na ndugu zake ni kipasha joto cha sensa ya oksijeni: fyuzi, waya, kisha sensa. Ushauri maarufu wa kukaza kifuniko cha tangi ni wa misimbo ya P0440 na P0455, inayotoka zaidi kwenye magari ya soko la Marekani. Toyota ya Japani kwa kawaida haipimi uvujaji huo, kwa hiyo kaza ukitaka, taa haitajali.

Taa inakuja na kuondoka

Ikija kwenye mawe na kuondoka kwenye lami, usiguse sensa yoyote. Fuata nyaya. Motere ikiwa ralanti, tikisa soketi moja baada ya nyingine huku mwenzako akitazama simu. Tafuta pia meno ya panya. Ikija na misimbo mingi isiyo na uhusiano, pima batri: volti 12.6 ikiwa imepumzika, kati ya 13.8 na 14.5 motere ikiwaka, na isishuke chini ya 9.6 wakati wa kuwasha. Chini ya hapo kompyuta inaandika upuuzi. Na kama ilianza baada ya kuchomelea bomba au chasisi, uliza kama kosi ya kutoa (hasi) ilifunguliwa kabla ya kuchomelea. Hapo ndipo kuifungua kuna maana.

Gari linalozima likiwa moto na kuwaka tena likipoa, lenye P0335, ni sensa ya mzunguko wa krenki. Hilo usilisubiri.

Baada ya kutengeneza

Futa msimbo kwa programu na uendeshe. Makosa mengi hayawashi taa mpaka yatokee safari mbili mfululizo, kwa hiyo kesho yake soma tena sehemu ya misimbo inayosubiri, hata kama taa imezima. Ukitengeneza bila kufuta, taa huzima yenyewe baada ya safari tatu nzuri, na msimbo hukaa kwenye kumbukumbu hadi motere ipate joto kama mara 40. Msimbo ukirudi, linganisha hali iliyohifadhiwa na ile ya karatasi yako. Ikiwa ni ileile, mizunguko ileile, joto lilelile, hukugusa chanzo. Ikiwa tofauti, unaweza kuwa na makosa mawili. Karatasi hiyo mpe fundi kabla hajashika spana.

Ukimaliza, ng'oa adapta. Ikiachwa kwenye soketi inaendelea kunyonya batri gari likiwa limefungwa, na gari linalokaa wiki nzima bila kutembea linaweza kukataa kuwaka kwa sababu hiyo tu.